Jaribio la Arobaini na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Bosi katuita wote chumba cha mikutano. Madaktari wa hospitali kuu wanakuja Ijumaa ya wiki ijayo kuitazama pampu yetu ya dripu. Wakiikubali, inaingia wodini. Wakiikataa, kila mtu atafute kazi nyingine. Alisema hivyo kwa sauti ileile anayotumia kuuliza nani kamaliza sukari.

Kabla ya siku hiyo anataka majaribio yote ya programu yawe ya kijani kwenye skrini ya ukutani, kila asubuhi, bila kukosa. Yako mia mbili na sita. Mia mbili na matano hayana shida. Moja, la arobaini na moja, leo ni la kijani, kesho jekundu, keshokutwa kijani tena.

Jaribio hilo nililiandika mimi, miaka tisa iliyopita. Ni jaribio zuri mno.

Nieleze kidogo, maana siku moja shajara hii itasomwa na watu wasio na utaalamu, na nawahurumia mapema. Programu ya pampu tumeiandika kwa lugha ya C. Kila inapotaka kufanya jambo inaiomba mashine kipande cha kumbukumbu: hiki cha kuhesabia matone, kile cha kuwekea jina la mgonjwa. Karibu siku zote inapewa. Lakini iko siku kumbukumbu itajaa na ombi litakataliwa. Siku hiyo programu haitakiwi kuzirai. Inatakiwa iendelee kudondosha dawa na ipige kengele. Basi jaribio langu linaomba kumbukumbu kubwa kupita kiasi, gigabaiti mia moja, kwa makusudi, ili likataliwe. Kisha linaangalia programu imelipokeaje neno hapana.

Kasoro ni moja tu. Siku nyingine mashine haisemi hapana. Inasema ndiyo, chukua, na jaribio linatoka jekundu. Sasa mashine ikiwa mpumbavu, mimi nahusikaje?

Mwisho wa kikao ndipo likaja la maana. Bosi atateua msimamizi wa majaribio, na msimamizi atapewa kile chumba cha pembeni, chenye dirisha na mlango unaofungwa. Miaka kumi na tatu nimekaa jirani na mashine ya kuchapisha, inanipulizia hewa moto shingoni. Chumba ni changu. Kilichobaki ni kutangazwa.

Mpinzani ninaye mmoja, namwita Bi Taratibu. Ana miezi sita hapa. Anaongea kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, neno moja, anasimama, neno la pili. Anaandika programu kwa penseli, kwenye daftari la mistari, halafu ndiyo anagusa kompyuta. Hanitishi hata chembe.


Jumanne, 4 Machi

Nimemaliza. Siku moja imenitosha.

Jaribio likitoka jekundu, liendeshwe tena. Likitoka jekundu tena, liendeshwe mara ya tatu. Likitoka kijani hata mara moja, andika kijani. Mistari minne. Niliiandika huku nakunywa chai.

Skrini ya ukutani ni kijani tupu tangu saa sita mchana. Bosi alipita, akasimama, akasema vizuri. Bosi alikuwa muuguzi miaka ishirini kabla ya kufungua kampuni hii, na mpaka leo anavaa viatu vya wodini visivyotoa sauti. Hajui C. Ukimwonyesha ukurasa wa C anautazama kama anavyotazama kidonda, anauliza tu kama kinapona.

Jioni nilimsimulia mke wangu. Yeye ni fundi cherehani, nusu ya sebule yetu ni karakana yake. Bila kuinua mguu kwenye pedali akasema yeye mshono anauvuta mara moja, ukifumuka anaushona upya, hawezi kumwambia mteja kwamba mara ya tatu haukufumuka. Nikamweleza kwa upole kwamba kumbukumbu ya kompyuta si sketi. Akasema ni kweli, sketi ikifumuka hakuna anayekufa.

Mwanamke ana kipaji cha kukata stimu.


Jumatano, 5 Machi

Bi Taratibu kaninyoosha mbele ya watu.

Katikati ya kikao aliinua penseli, akauliza kwa nini jaribio la arobaini na moja linachukua muda mara tatu ya juzi. Nikasema ni ukamilifu. Akasema amesoma ile mistari minne. Amesoma! Watu wazima wenye kazi zao hawasomi mistari ya wenzao. Akasema tangu jana jaribio limetoka jekundu mara kumi na moja, na sisi tumeandika kijani mara zote.

Bosi akanigeukia. Hakupandisha sauti. Akauliza kama mgonjwa naye tutamfungia dripu mara tatu, tuhesabu ile moja iliyofanya kazi.

Nikasema swali ni zuri. Nikaahidi kulifanyia kazi.

Wenzangu walikuwa wanatazama viatu vyao. Watu kumi na wanne, hakuna hata mmoja aliyenitetea, na yule wa karibu na dirisha nilimsaidia kuhamisha kabati mwaka jana.


Alhamisi, 6 Machi

Nimeligundua tatizo. Nilikuwa naomba kidogo. Gigabaiti mia moja zamani zilikuwa kitu cha kutisha, siku hizi seva, mashine kubwa ya ofisi inayoendesha majaribio yetu, inaziona kama vitafunwa. Basi nimelifanya jaribio liombe kiasi kikubwa kuliko vyote vinavyoweza kuandikwa ndani ya namba ya mashine. Hakuna seva duniani yenye kumbukumbu ya namna hiyo. Haiwezi kusema ndiyo.

Kwenye kompyuta yangu: kijani. Mara ishirini, kijani. Nikamwita Bosi aje aone mwenyewe. Nikawaita na wengine wawili, kwa ushahidi. Nikalituma kwenye seva.

Jekundu.

Nikalituma tena. Jekundu, tena safari hii si mara moja moja, ni kila mara. Nililiharibu kwa uthabiti.

Bi Taratibu alikuja na daftari lake, akauliza kama anaweza kuangalia. Alisoma kwa muda wa kuchosha. Halafu akaeleza, jiwe kwa jiwe, kwamba kosa si la seva. Kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, imeona kwamba jaribio linaomba kumbukumbu halafu halitumii. Basi imelifuta ombi lenyewe, kuokoa muda, na kujijibu kwamba limekubaliwa. Kwenye kompyuta yangu haikufanya hivyo kwa kuwa mimi siku zote naizima sehemu hiyo ya kuokoa muda. Kwa hiyo kwenye seva ombi halikukubaliwa wala halikukataliwa. Halikupelekwa kabisa.

Yaani nimesimama mbele ya watu watatu kusubiri jibu la barua ambayo haikutumwa. Na aliyeichana ni kompaila, kitu kisicho na hata mikono.

Bosi aliondoka kimyakimya na vile viatu vyake. Sikujua ameondoka saa ngapi. Niliendelea kumweleza.


Ijumaa, 7 Machi

Leo nimetumia akili kubwa zaidi. Kama seva inasema ndiyo kwa kuwa imeshiba, dawa ni kuitia njaa.

Fundi wa seva ni shemeji yangu, kaka mdogo wa mke wangu. Kazi hii nilimtafutia mimi, na namkumbusha inapobidi. Ni mtu mwema lakini ana ugonjwa mmoja, akiulizwa swali anajibu ukweli. Nilimfuata asubuhi kwenye kile chumba chake chenye baridi, nikamwambia tuchomoe kadi za kumbukumbu, tubakize mbili. Niliirudisha ile hesabu ya zamani ya gigabaiti mia moja, na kompaila nikaifunga mdomo. Akauliza kama Bosi anajua. Nikasema Bosi anataka matokeo. Akasema hajauliza hilo, ameuliza kama Bosi anajua. Nikamwambia, "Shemeji, nani alikuleta hapa?" Akachomoa.

Na hapa naandika kwa herufi za kusomeka: ilifanya kazi. Jaribio la arobaini na moja lilikuwa kijani. Kila mara. Kwa dakika zote tisa ambazo seva ilikuwa hai.

Kisha watu kumi na wanne wakataka kutumia seva hiyohiyo, maana walikuwa wamefika kazini, kama desturi yao. Ikapumua, ikasimama. Barua pepe zikasimama. Mashine ya kuchapisha ikatoa ukurasa nusu. Mpaka saa nane hakuna aliyefanya kitu, watu walikuwa wamejazana jikoni wanasimuliana harusi walizohudhuria.

Bosi akamwuliza shemeji nini kimetokea. Shemeji akajibu.

Alijibu kila kitu, kwa mpangilio, mpaka na lile swali la nani alimleta hapa.


Jumapili, 9 Machi

Shemeji kaja kula mchana. Kaongea na dada yake, kaongea na watoto, kaongea na redio. Mimi kanipa mgongo, hata kwenye maji ya kunawa. Mke wangu alipomaliza kutoa vyombo akasema kaka yake kapewa onyo la maandishi, la kwanza maishani mwake, na mtu mwingine mezani hapa yuko kimya kama vile chakula kimejipika.

Nikasema onyo la maandishi lina faida zake, linaonyesha mtu anatambuliwa.

Nimekula kidogo.


Jumatatu, 10 Machi

Siku ya Bi Taratibu. Niandike haraka iniishe mwilini.

Kasimama mbele na daftari. Kasema jaribio la arobaini na moja linayumba kwa sababu linategemea mashine iwe na hali fulani, na hali ya mashine haiko mikononi mwetu. Kwa hiyo tusiiombe mashine itukatalie. Tujikatalie wenyewe.

Kaandika kitu anachokiita bawabu. Wakati wa majaribio tu, bawabu anakaa mlangoni, katikati ya programu na kumbukumbu. Kila ombi linapita kwake, naye anahesabu. Raundi ya kwanza anakataa ombi la kwanza na kuruhusu mengine. Raundi ya pili anakataa la pili. Raundi ya tatu, la tatu. Hivyo hivyo mpaka maombi yanaisha. Na kila raundi ikimalizika anahesabu kama kila kipande kilichochukuliwa kimerudishwa. Haijalishi seva imeshiba au ina njaa. Matokeo ya leo ndiyo ya kesho.

Nikauliza bawabu huyu ana uzoefu gani. Watu wawili walicheka, na sikuipenda namna walivyocheka.

Shemeji, aliyesimama mlangoni, akasema hii ni nzuri kwa sababu hakuna kitakachochomolewa. Hakuna aliyemwomba maoni.

Bawabu akaanzishwa. Ombi la kwanza likakataliwa, programu ikasimama imara. La pili, imara. La kumi, imara. Nikaanza kupiga miayo kwa nguvu kidogo. La kumi na sita, imara. La kumi na saba likakataliwa, na programu ikaanguka chali. Si kengele, si ujumbe. Skrini nyeusi.

Bi Taratibu akafungua ukurasa wenye ombi la kumi na saba. Ni pale programu inapoomba kipande cha kuandikia ujumbe wa kengele. Maana yake ikikosa kumbukumbu, inaomba kumbukumbu ya kusemea kwamba haina kumbukumbu, na aliyeandika hakuangalia kama amepewa. Akaandika tu hewani.

Juu ya ukurasa kuna jina la mwandishi. Kwa herufi kubwa, na salamu kwa wasomaji. Nilikuwa kijana.

"Ni kosa la kawaida," Bi Taratibu akasema. "Mtu yeyote angeweza."

Sijawahi kutukanwa kwa kiwango kile.


Jumanne, 11 Machi

Nimetafakari. Ombi la kumi na saba ni la herufi sitini na nne. Kipande kidogo kama ukucha. Mashine gani itamnyima mtu herufi sitini na nne? Bawabu anakataa vitu ambavyo katika maisha ya kweli havikataliwi. Si mlinzi, ni mchonganishi. Na kulirekebisha ombi lenyewe ni kukiri, kwa maandishi, kwenye kumbukumbu za mabadiliko zinazosomwa na kila mtu, kwamba kwa miaka tisa pampu yangu ilikuwa na shimo.

Kwa hiyo wakati wa chakula cha mchana, ofisi ikiwa tupu, nimempa bawabu maelekezo mapya. Mstari mmoja. Ukifika la kumi na saba, ruhusu. Nimeuweka chini kabisa, baada ya mistari mitupu arobaini, mahali ambapo mtu mstaarabu hafiki.

Skrini yote kijani. Bosi kapita na kuitazama muda mrefu, kisha kanitazama mimi muda mrefu pia. Nadhani anapima mabega yangu na ukubwa wa chumba.


Jumatano, 12 Machi

Nimeazima futi ya mke wangu nikapima kile chumba. Meza itakaa mkabala na dirisha. Kwenye ukuta wa kushoto patawekwa rafu.

Bi Taratibu alinikuta nimepiga magoti na futi. Akauliza kama nimepoteza kitu. Nikasema hapana. Akasimama kama mtu mwenye neno, halafu akasema tu, "Kama kuna lolote unataka tuzungumze kabla ya mazoezi ya kesho, mimi nipo."

Husuda ina sauti laini sana.


Alhamisi, 13 Machi

Leo ilikuwa siku ya mazoezi. 

Nilitegemea ndoo. Siku zote tunatumia ndoo: pampu mezani, mrija unaingia ndooni, matone yanahesabiwa. Lakini Bosi aliingia amevaa shati la mikono mifupi, amebeba chupa ya maji ya chumvi ya hospitali, sindano, na plasta. Akaketi. Akasema kesho madaktari hawatashawishika na ndoo. Atajifunga dripu mwenyewe, mkononi, na huku inadondoka tutaijaza kumbukumbu ya pampu kwa majina ya wagonjwa wa uongo mpaka isibaki nafasi ya herufi moja. Waone wenyewe kwamba pampu inanyimwa kila kitu na haimwachi mgonjwa. Leo tunafanya vilevile.

Alitafuta mshipa kwa kidole, akausafisha, akajichoma bila kukunja uso. Miaka ishirini wodini haipotei.

Mimi nilikuwa nawaza herufi sitini na nne. Kumbukumbu ikijaa kweli, hapana bawabu wa kuongea naye. Ombi la kumi na saba litakataliwa na mashine yenyewe, programu itaanguka, na ikianguka mota ya pampu inabaki pale ilipo. Ikiwa imesimama, imesimama. Ikiwa inazunguka, inaendelea kuzunguka, na chupa nzima inaingia kwenye mkono wa mtu.

Bosi akatupitia kwa macho, mmoja mmoja. Akamwuliza shemeji kama vifaa viko sawa. Viko sawa. Akamwuliza Bi Taratibu kama programu iko sawa. Iko sawa. Akaniuliza mimi.

Nikasema labda ndoo ingeonekana vizuri zaidi, ina rangi.

"Sijauliza ndoo," akasema. "Nimeuliza, niwashe?"

Nikasema hewa ya chumba ni nzito. Nikasema mkono wa kulia ungekuwa bora. Nikasema kuna wakati mtu mzima anatakiwa apumzike. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Nilitazama ule mkono. Una alama ndogo ya kuungua karibu na kiwiko, miaka kumi na tatu sikuwahi kuiona.

"Usiwashe," nikasema. "Kuna mstari."

Nikausema mstari, wote, pamoja na mistari mitupu arobaini. Nilisema na jinsi mota inavyoweza kubaki inazunguka. Sauti yangu haikuwa ile ninayoifahamu.

Bosi hakutoa kidole. Akasema mstari huo haupo tangu juzi saa tisa alasiri. Bi Taratibu aliuona ndani ya saa mbili, akautoa. Halafu alilirekebisha na ombi lenyewe. Sasa kipande cha ujumbe wa kengele kinatengwa mapema pampu inapowashwa, hakiombwi tena wakati wa shida. Bawabu amekataa maombi yote, moja baada ya jingine, na programu haijaanguka.

"Nilichokuwa sijui," akasema, "ni kama ungeniacha niwashe."

Akabonyeza. Majina ya uongo yakaanza kuingia. Kumbukumbu ikajaa. Kengele ikalia, kali, na kwenye kioo cha pampu ukatokea ujumbe wa herufi sitini na nne. Matone yakaendelea, moja, moja, moja. Tuliyatazama wote, na shemeji alinisogezea kiti.


Ijumaa, 14 Machi

Madaktari wanne wamekuja. Watatu wakatazama pampu, mmoja akatazama mkono wa Bosi. Waliomba bawabu aendeshwe mbele yao mara mbili, na matokeo yakawa yaleyale mara zote mbili. Wameikubali pampu.

Bi Taratibu kaeleza kila kitu kwa mwendo wake ule, na hakuna aliyesinzia. Mmoja wa madaktari aliandika kwa penseli. Wanajuana hao.

Jioni nimemwambia mke wangu habari ya jana, jana yenyewe niliiruka. Kasimamisha cherehani, jambo ambalo hafanyi. Akanitazama, akasema angalau nilisema. Nikamwambia si angalau, ndiyo kazi yenyewe. Ni watu wachache wenye ujasiri wa kusimamisha pampu iliyo salama.


Jumatatu, 17 Machi

Bi Taratibu kapewa chumba.

Kahamia na daftari zake na chungu cha mmea. Meza kaiweka upande usiofaa. Shemeji alimsaidia kubeba. Kafutiwa lile onyo la maandishi, Bosi mwenyewe kalichana, na shemeji kanisalimu kwa mara ya kwanza tangu ile Ijumaa. Kaniuliza hali, akasubiri jibu. Nimemjibu vizuri. Ni shemeji yangu.

Bosi kaniita faragha. Nilikwenda nikiwa tayari kwa lolote, hata kwa wadhifa. Kasema hanifukuzi, kwa sababu ya lile neno usiwashe. Kasema pia kwa sababu ya kila kitu kilicholitangulia, kwa mwaka mzima sigusi programu. Nitaandika mwongozo wa wauguzi: namna ya kuifunga pampu, kuiwasha, kuitunza. Kasema kwa unyenyekevu, akanishika bega, kwamba wodini mtu anaweza kufa kwa sentensi mbaya.

Nimeelewa alichokuwa anasema. Programu ni kazi ya wengi. Kalamu ni ya wachache.


Jumatano, 26 Machi

Mwongozo umekamilika, kurasa ishirini na mbili, lugha tamu. Kulikuwa na utaratibu fulani wa kuchosha, Bi Taratibu ndiye kaubuni, kwamba mwongozo nao ujaribiwe. Unampa muuguzi ambaye hajawahi kuiona pampu, unakaa kando bila kumsaidia, unaandika anapokwama.

Nimewajaribu wanne leo, hospitalini, kwenye chumba chao cha kupumzikia. Ukurasa wa kwanza hadi wa kumi na tatu, wanateleza. Ukurasa wa kumi na nne, namna ya kutoa hewa kwenye mrija kabla ya kumfunga mgonjwa, isije ikaingia mshipani ikamwua, watatu kati ya wanne wamekwama. Mmoja aliusoma mara nne, akageuza kitabu juu chini. Mwingine akaniuliza kama aliyeandika alikuwa mzima.

Matokeo ya namna hii Bosi hatayapenda. Nimerudi ofisini, nimekaa jirani na mashine ya kuchapisha, nimetafakari bila hasira. Tatizo limejionyesha lenyewe, liko mahali pamoja, halihitaji daftari wala penseli.

Nimeutoa ukurasa wa kumi na nne. Mwongozo sasa una kurasa ishirini na moja, na kesho nikiwapa wauguzi wengine wanne hakuna hata mmoja atakayekwama.